Jicho la Gerimani

Edith hakuwa na maneno matamu, wala hakujisingizia kuwa anayo. Alikuwa fundi wa vipimo katika maabara ya chuo kimoja cha ufundi mjini Lubumbashi, mwanamke wa miaka arobaini na tisa, diploma yake ukutani na bisibisi yake mfukoni, na wanafunzi walimwogopa kuliko walivyowaogopa maprofesa. Mtu akimletea mashine iliyokufa, hakumpa pole. Alimuuliza ilianza lini, kisha akafungua skrubu.

Ndivyo alivyomuuliza hata baba yake, siku alipokiri kwamba haoni tena.

"Ilianza lini, papa?"

"Ilianza zamani," alisema mzee Chola. "Mi njo nilikawia kusema."

Ilikuwa presha ya macho. Daktari alieleza kwamba mishipa ya ndani imekauka na kilichokwenda hakirudi. Kufika mwezi wa nne, hata ule mwanga mdogo wa mlangoni ulikuwa umezimika. Edith alimhamishia kwake Katuba, akampa chumba ambacho binti yake Exaucée alikiacha alipokwenda kusoma Likasi. Alimtandikia kitanda, akamhesabia hatua kutoka mlangoni hadi chooni, akadhani kazi imekwisha.

Haikuwa imekwisha. Mzee alipoteza mchana na usiku. Mara mbili majirani walimkuta amekaa kwenye barza kabla jogoo hajawika, amenyoa ndevu, amevaa koti, anamsubiri binti yake aamke kwa sababu eti amechelewa kazini. Watu wa mtaa walicheka, si kwa ubaya, lakini walicheka na yeye akawasikia. Kisha mwezi wa tano aligonga mbabula, lile jiko la bati, iliyojaa makaa. Mkeka uliungua, na ngozi ya mkono wake wa kushoto ikachunika toka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Edith aliufunga mkono ule, akautupa mkeka, na kusema maneno ambayo kwake yalikuwa ya upendo:

"Tangu leo usiguse moto. Usiguse kitu. Ikala tu."

"Sawa," mzee alijibu.

Akaikala kweli. Alikaa chumbani kwenye ukingo wa kitanda, mikono juu ya magoti, toka Edith anaondoka hadi anarudi.

Mwanzoni mwa Septemba, mdogo wake Edith, Mwape, alipiga simu kutoka Pweto. Mwape alikuwa mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu wa maneno mengi na kicheko kikubwa, lakini siku hiyo alianza polepole, akimwita dada yake yaya.

"Yaya, papa aliniita ku simu. Anasema nimubebe, nimulete huku kwa shangazi Nkandu."

"Yeye mwenyewe anasema vile?"

"Njo vile anasema. Eti Katuba inamuchosha. Huku bantu ni mingi ku nyumba, atapata wa kuongea naye. Niko nakuya na samaki posho ya pili, mu wiki mbili hivi, Jumamosi. Nirudie naye?"

Edith alikuwa amesimama barzani, simu sikioni, pazia la chumba cha baba yake likicheza kwa upepo nyuma yake. Alitaka kusema mambo mengi, na kama kawaida yake likatoka moja, kavu.

"Kama anataka kuenda, aende."

Hakutaka aende. Hilo ndilo lilikuwa jambo zima, wala halikuhitaji maelezo marefu: baba huyu alimlea peke yake baada ya mama kufariki, alimsuka nywele kwa vidole vya mtu wa kiwanda cha shaba, vinene kama vipini vya jembe, na alimpeleka shule ya ufundi wakati wajomba walisema msichana atafanya nini na nyaya. Lakini mtu mzima amesema anataka kwenda. Utamfunga kamba?

Zilibaki siku kumi na sita. Edith hakujua kubembeleza, ila alijua kutengeneza.

Kule maabara palikuwa na kopo la vitu vya kale ambavyo hakuna mtu aliyevitaka. Ndani yake, kati ya balbu na swichi, zilikuwemo transista za redio za zamani, zile za vioo, ndogo kama kidole cha mtoto mchanga, kila moja imepakwa rangi nyeusi. Edith alijua sababu ya rangi ile. Ndani ya kioo mna punje ya gerimani, madini yanayopitisha umeme nusunusu: gizani huubana, mwangani huuachia. Waliozitengeneza walizipaka rangi ili redio isichanganyikiwe kila taa inapowashwa. Mafundi wa leo hutumia silikoni na wala hawazikumbuki. Edith alichukua wembe, akakwangua rangi taratibu hadi kioo kikang'aa, na transista ikabaki uchi, ikiona.

Aliiunganisha na kipaza sauti cha simu iliyokufa na betri ndogo. Mwanga ukizidi, sauti inapanda, ukipungua, inashuka. Kisha akaongeza chipu ya kumbukumbu, ndogo kama punje ya mchele, iandike kila dakika kiasi cha mwanga kilichoingia na kukitunza hata betri ikiisha. Hiyo haikuwa kwa ajili ya mzee. Ilikuwa tabia yake ya kazini: chombo kipya hakukiamini mpaka kimwonyeshe maandishi ya wiki nzima. Vyote akavifunga ndani ya kisanduku cha sabuni, akatoboa tundu mbele.

Jumapili asubuhi alimwekea baba yake mkononi.

"Papa, shika."

Mzee Chola alikipapasa. "Ni kisanduku ya sabuni."

"Ilikuwa ya sabuni. Sasa ni jicho."

"Jicho ya nani?"

"Ya redio ya zamani. Elekeza ku dirisha."

"Dirisha iko wapi?"

"Utafute. Njo kazi yake."

Mzee akazungusha mkono kutoka ukutani. Kisanduku kilinguruma chini kama mtu anayekoroma, kisha sauti ikaanza kupanda, ikawa nyembamba, ikawa mbu, na alipofika sawasawa na dirisha ikapiga kelele. Akasimamisha mkono pale pale.

"Hii ni jua?"

"Ni jua."

Alifunika tundu kwa kiganja, sauti ikaanguka. Akafunua, ikapanda. Akafanya hivyo mara kumi, labda zaidi, mdomo wazi kama mtoto anayenyeshewa na mvua ya kwanza. Edith alijifanya anakusanya nyaya sakafuni, kwa sababu uso wake ulikuwa umeanza kumfanyia mambo asiyoyataka, ingawa hapakuwa na mtu wa kuuona.

"Ndani ulitia nini?" mzee aliuliza.

"Gerimani. Unakumbuka ile skori, mabaki ya kuyeyusha shaba, mulikuwa munamwanga kule mulimani?"

"Nitaisahau aje? Miaka makumi mbili na saba. Shaba inaenda uku, skori inaenda uku. Tunaipakia ingali moto, tunaimwanga, mulima wote unawaka."

"Mule mu skori mulikuwa gerimani."

Mzee aligeuza uso wake kumwelekea. "Wakubwa walisema ni takataka."

"Leo banaitafuta. Banaifanyia macho ya mashine, na kumbukumbu za ordinatere, za kompyuta."

"Na hii yangu? Ilitoka pale?"

"Siwezi kuapa. Ilitengenezwa Ulaya zamani. Labda."

Mzee akakipima kisanduku uzito kiganjani. Kisha akatikisa kichwa. "Kumbe miaka makumi mbili na saba nilikuwa namwanga macho."

"Haikukuwa macho, papa. Ilikuwa takataka. Macho ni kazi ya fundi."

Alicheka. Alicheka hadi akakohoa, na ndicho kilikuwa kicheko chake cha kwanza tangu mwezi wa nne. Edith alikwenda kazini kesho yake akiwa mwepesi, akitumaini, bila kumwambia mtu, kwamba kisanduku kitasema kile ambacho mdomo wake ulishindwa.

Na kwa upande mmoja kilifanya kazi. Mzee hakuamka tena kwa saa za ovyo. Alikielekeza dirishani, kikikoroma alirudi kulala. Alitoka chumbani, akakaa barzani, akafuata jua kutoka nguzo moja hadi nyingine. Lakini begi lake, ambalo alilifunga mwenyewe siku ya ile simu, lilibaki chini ya kitanda limefungwa, na kuhusu Pweto hakusema neno. Edith naye hakuuliza. Kila jioni saa kumi na moja alirudi, akakuta mbabula inawaka barzani na sufuria ya maji ikitoa mvuke, akasonga bukari, wakala, wakasikiliza habari, wakalala. Moto huo aliuwasha Mounira, jirani wa upande wa pili wa ua, mshonaji kutoka familia ya Kimaniema, ambaye walikuwa wamepatana amsaidie siku za kazi. Au ndivyo Edith alivyojua.

Jumatano ya wiki ya pili, kabla mzee hajaamka, Edith alikiunganisha kisanduku na kompyuta yake, akanakili kumbukumbu, akaenda nayo maabara. Alitaka tu kuona kama chombo kinapima sawasawa. Mchana, wanafunzi walipokwenda kula, akaifungua.

Mstari wa mwanga ulikuwa mzuri. Asubuhi unapanda, adhuhuri unatulia juu, jioni unateremka. Siku baada ya siku, hivyo hivyo. Lakini kuanzia siku ya tatu palikuwa na kitu kisicho na adabu. Kila siku ya kazi, saa kumi kasoro robo, jua likiwa limeanza kuchoka, mstari uliruka juu ghafla kupita hata adhuhuri, ukatetemeka, ukashuka, ukaruka tena. Dakika arobaini. Kisha basi.

Edith akaudhika. Wazo lake la kwanza lilikuwa joto. Gerimani ina ugonjwa huo: ikipashwa huvuja umeme hata gizani, na saa hizo bati za Katuba zinakuwa za moto. "Kazi ya haraka haraka," alijilaumu. Lakini joto la bati hupanda taratibu na kushuka taratibu. Hiki kilikuwa kinaruka.

Akachukua transista pacha kutoka kwenye kopo, akaikwangua, akazima taa na kufunga mapazia. Aliwasha jiko kuukuu la umeme lililokuwa kwenye kona, akaielekezea waya wake. Waya haukuwa umeanza kuwa mwekundu. Macho yake hayakuona chochote, giza tupu. Na pacha, pale gizani, ikaanza kulia, kisha ikapiga kelele.

Edith alivuta kiti akakaa.

Ilikuwa inaona moto. Gerimani huona mwanga ambao jicho la mtu haliuoni, ule wa vitu vilivyopamba moto kabla havijang'aa. Alilijua hilo, aliwahi kuliandika katika mtihani wa diploma, na hakulifikiria hata mara moja wakati anafunga kisanduku. Kila siku ya kazi, saa kumi kasoro robo, baba yake alikuwa anainamisha jicho lile juu ya makaa.

Akamkumbuka Mounira, siku alipomshukuru kwa moto. Mounira aliangalia kando, akasema, "Aa, Mama Exaucée, ni kitu gani," akaingia ndani upesi kama mtu aliyeacha maharagwe jikoni.

"Nafunga," Edith aliwaambia wanafunzi waliokuwa wanarudi. "Mutarudi kesho."

Alifika nyumbani jua likiwa limeinama. Njia nzima alikuwa amepanga maneno, na yote yalikuwa makali. Aliusukuma mlango wa ua bila sauti.

Baba yake alikuwa barzani, kwenye kigoda kifupi, mikono ya shati imekunjwa hadi juu ya viwiko. Mbabula ilikuwa mbele yake, imezungukwa na matofali matatu ili isisogee. Kuliani ndoo ya mchanga. Kushotoni bakuli la makala, makaa ambayo hayajawashwa, na koleo limelazwa juu yake, mpini ukimwelekea. Kila kitu kilikuwa mahali pake, na mahali penyewe palikuwa pamewekewa alama ya jiwe. Mkononi alishika kisanduku, akikipitisha polepole juu ya mbabula kwenye kimo cha kifua. Upande mmoja kilipiga kelele, upande wa pili kikanung'unika. Mzee akarudi pale kiliponung'unika, akaweka kisanduku kwenye paja, akaokota koleo.

"Moto!" aliita.

"Nasikia, papa Chola!" Mounira alijibu kutoka ng'ambo ya ua, na cherehani yake ikanyamaza.

Mzee akabana kipande cha makala kwa koleo, akakiteremsha mahali palipopoa, akaongeza cha pili, akarudisha koleo. "Imetulia!" Cherehani ikaanza tena.

Edith alitaka kupiga kelele, lakini hupigi kelele mgongoni mwa kipofu aliyeinamia makaa. Akapiga hatua moja, mbili, kwa ncha za viatu.

Sauti ya kisanduku ikashuka.

"Edith," mzee alisema bila kugeuka, "umenifunikia jua. Ingia ao utoke."

Alisimama. "Umejuaje ni mi?"

"Mounira ni mufupi."

"Nasikia!" Mounira alisema kutoka ng'ambo.

"Haukuombwa kusikia!" mzee alimjibu.

Edith alikuja mbele, akachuchumaa upande wa pili wa mbabula. Alijaribu kukasirika, akaona hasira imekwisha kuchacha njiani.

"Nilisema usiguse moto."

"Ulisema."

"Na nani alikupa ruhusa?"

"Ile jicho yako. Siku ya tatu Mounira alikuya kuwasha, nilikuwa nimeishika tu hivi, nikasikia inapiga kelele. Nikasema, hii inaona makaa. Nikamulomba aniachie kiloko, kidogo tu. Yeye anawasha, mi nachunga. Kule ku furu, ku tanuru ya shaba, unafikiri tulikuwa tunaona? Moshi, mwangaza, miwani nyeusi. Tulifanya kazi na masikio. Unaita, mwenzako anajibu. Asipojibu, haugusi kitu."

"Mwezi wa tano uliungua."

Mzee alipapasa ukingo wa tofali kwa kidole.

"Mwezi wa tano," alisema, "mbabula ilikuwa karibu na nguzo. Nilihesabu hatua. Kisha upepo ulikuya, na ikakutwa karibu na mulango."

Edith aliangalia nguzo, kisha mlango. Alikumbuka. Moshi ulikuwa unaingia ndani. Aliisukuma mbabula kwa mguu, hatua mbili tu, akaenda kuchambua majani ya sombe. Hakumwambia. Miezi minne baba yake alibeba kovu lile na hakuwahi kusema ni nani aliyesogeza moto.

"Ni mi nilihamisha," alisema.

"Nayua."

"Kwa nini haukusema?"

"Ungelia. Na wewe ukilia unakuwa mukali sana."

Ng'ambo ya ua cherehani ilikuwa imenyamaza bila kuitwa.

"Nilitaka tu," mzee aliendelea, na sauti yake ikateremka, "kila siku ukitoka kazi ukute maji iko moto. Mbele ya kuenda. Nisiende kama muzigo. Muzigo unabebwa, unawekwa, unaambiwa ikala."

"Nani alikuambia uende?"

"Wewe. Nilikuwa nyuma ya pazia. Ulimwambia Mwape, aende."

"Nilisema *kama anataka*!"

"Na mi nilimwambia Mwape vile juu niliona umechoka. Nilifikiri utakatala." Alikohoa kidogo. "Haukukatala."

Edith alitazama makaa. Sasa ilikuwa zamu yake na alilijua hilo. Maneno yenyewe yalikuwa mepesi, ya mtoto wa darasa la kwanza, na yalikuwa mazito kuliko injini. Kama angenyamaza sasa, Jumamosi baba yake angepanda gari na adabu yake yote, angeshukuru, angekwenda.

"Nakatala," alisema. "Sitaki uende. Sikutaka ata siku moja. Nikirudia hapa na haumo, hii nyumba nitaifanyia nini?"

Mzee Chola alinyoosha mkono juu ya magoti, kiganja juu, ule wa kushoto wenye kovu. Edith akauweka wake ndani. Vidole vilikuwa bado vinene kama zamani.

"Unalia?" mzee aliuliza.

"Moshi."

"Hii makala haina moshi. Mi njo niliyachagua."

"Papa, nyamaza."

"Ona, umeanza ukali," alisema mzee, akaucheka mkono aliokuwa ameushika.

Kichwa cha Mounira kilichomoza juu ya ua, kilemba kwanza, kisha macho mekundu. "Mama Exaucée, unikasirikie mi. Papa alinilomba nisiseme."

"Nitakukasirikia kesho," Edith alisema. "Leo ukuje ule."

Jumamosi Mwape alifika mapema baada ya adhuhuri, gari likinuka samaki kutoka njia panda. Aliingia akiimba, akamkumbatia baba yake, akamwinua hewani kidogo, akapita moja kwa moja chumbani, akatoka na begi kichwani.

"Papa, njia ni mbaya lakini kiti iko muzuri. Nimekutilia na muto."

"Rudisha begi," mzee alisema.

"Nirudishe wapi?"

"Pale uliitosha. Nimepata kazi."

Mwape alimtazama dada yake, begi bado kichwani. "Yaya, kazi gani tena?"

"Anachunga moto," Edith alisema. "Usiniangalie vile. Kaa chini uone."

Hawakumweleza, walimwonyesha. Mwape alikishika kisanduku, akakielekeza juani, kwenye kivuli, kwenye kipara cha baba yake, akisema hapa kuna mwanga kuliko kote. Kisha akataka kujua kama kinaona samaki. Kilimnung'unikia. Alicheka kwa sauti ile yake kubwa, lakini alipoketi alimtazama mzee kwa muda mrefu kuliko kawaida yake.

"Na shangazi Nkandu nitamwambia nini? Amesha kutandika kitanda."

"Mwambie alalie yeye. Ye njo mugongo inamuuma."

"Atanitukana."

"Umezoea."

Mwape alishusha samaki watatu wakubwa kwa ajili ya nyumba na mmoja kwa Mounira, akanywa chai, akaondoka akipiga honi hadi mwisho wa barabara. Vumbi lilikawia kutulia. Edith alirudi barzani na bisibisi, akavuta kiti karibu na baba yake.

"Papa, lete kisanduku. Kuna kitu moja nataka kuitosha mule ndani."

"Kitu gani?"

Akamweleza kuhusu chipu. Kwamba ilikuwa inaandika kila dakika, kwamba ndiyo iliyomsema, kwamba hakumwambia tangu mwanzo na hilo halikuwa sawa. Mtu mzima hapelelezwi katika nyumba yake. Aliyasema yote mfululizo, kama anasoma orodha ya vipuri, ili asikwame.

Mzee alisikiliza, kisanduku kimefunikwa na viganja viwili.

"Kwa hiyo inaandika saa nilianza?"

"Ndiyo."

"Na saa nilimaliza?"

"Ndiyo."

"Na siku sikukuya?"

"Kila kitu."

"Basi iache." Alikirudisha kisanduku mfukoni na kukipigapiga. "Kule kiwandani kila mutu alikuwa na kadi yake ku mulango. Mutu wa kazi anaandikwaka. Mwisho wa mwezi unisomee."

Edith alitia bisibisi mfukoni.

"Kazi yenyewe inaanza saa kumi kasoro robo," alisema. "Sasa ni saa tisa. Pumzika."